Fundi Makochi na Paka wa Majaribio

Watu wana midomo, jamani! Mtu akisema anafikiria kufuga paka, utadhani ametangaza vita. Fundi wetu wa makochi hata hakusema anataka. Alisema anafikiria tu, na mtaa mzima ukawa umeshamwamulia.

Basi tuanze na huyo mwanamke mwenyewe. Mikono yake, acha kabisa. Mletee kochi lililobonyea, lililochanika, lililokaliwa na mashemeji wanene miaka nenda miaka rudi, atalivua nguo mpaka libaki mbao tupu, atalikaza mikanda, atalijaza sponji mpya na kulivisha kitambaa, hadi wewe mwenye mali uone haya kulikalia. Kichwa chake ndicho kilichokuwa na mambo. Alikuwa na wasiwasi, na sisemi huu wa mimi na wewe, wa kodi na mvua. Wake ulikuwa wa kufunga mlango wa karakana, kwenda mpaka kona, kurudi kuutikisa kama umefungika, kwenda tena mpaka kona, halafu kurudi kutazama kama hakuuharibu kwa kuutikisa.

Na nyuma ya wasiwasi ilikuja sonona, ambayo haina kichekesho. Siku nzito zilipomwingia alilala akiutazama ukuta. Simu iliita mpaka ikachoka, wateja waligonga mpaka wakaenda zao, na chakula alicholetewa na dada yake kilikaa mezani mpaka kikachacha. Siku hizo hakupokea simu ya mtu, wala hakumpigia mtu.

Miezi ya karibuni alikuwa na nafuu. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi na kumwona mshauri wa kliniki, kijana mpole mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku nzito bado zilikuja, ila sasa zilipiga hodi kwanza.

Hapo ndipo mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alipoleta habari yake. Alikuwa anahamia kwa binti yake, na mkwe wake, mume wa binti huyo, akimwona paka hupiga chafya mpaka miwani ianguke. Paka mwenyewe, dume nene la kijivu, aliitwa Meneja, kwa sababu alizunguka kutwa akikagua kazi za wenzake na yeye hakufanya hata moja.

"Mwanangu, mchukue wewe," Mwalimu alimwambia fundi. "Ukikataa, mwenye ghala la nafaka anamtaka akakamate panya."

"Kwani amewahi kukamata panya?"

"Aliwahi kumwona mmoja. Alikimbilia kitandani kwangu."

Dada yake fundi aliposikia alikuja mbio, mkoba begani, maneno mdomoni.

"Wewe ufuge paka? Lile ua nililokuletea liko wapi?"

"Lilikufa."

"Lilikuwa la plastiki!"

"Basi liliungua. Niliweka pasi karibu."

"Ehee! Na siku ukigeukia ukuta, kiumbe wa watu atakula nini? Rangi?"

Msimwone Dada mkatili. Alikuwa ndugu mkubwa, na alikuwa amechoka kuogopa. Kila akigonga mlango wa mdogo wake na kuona kimya, roho yake ilikuwa mkononi. Ukiogopa hivyo muda mrefu, hata huruma hutoka na makelele.

Na swali hilo ndilo lililomkosesha fundi raha. Alimtaka yule paka. Alimtaka hasa. Lakini aliogopa kiwepo kiumbe kinachomtegemea yeye, ifike siku nzito, kikae mlangoni kikingoja chakula, na yeye yupo ndani na hayupo.

Akampelekea mshauri shida hiyo. Mshauri akakuna kidevu.

"Paka si dawa," akasema. "Vidonge endelea navyo, na mimi endelea kuniona. Kaa naye wiki moja kwa majaribio. Lakini jiulize: siku ikiwa nzito, nani atamlisha?"

Fundi alikuwa amekwenda kutafuta ndiyo au hapana, akarudi na swali lilelile la dada yake, tofauti ni kwamba hili limesemwa polepole. Watu wa kliniki, bwana!

Wakakubaliana na Mwalimu: Meneja aje wiki hiyo, na Ijumaa jioni jibu litoke.

Meneja akaanza kazi Jumatatu. Fundi akitandika kitambaa akikate, Meneja keshalala katikati yake. Fundi akitafuta chaki, Meneja ameikalia. Alichopenda kuliko vyote ni makochi yaliyopinduliwa miguu juu: aliingia humo tumboni, kwenye sponji, akajinyoosha, akaona ametandikiwa. Fundi akawa anafungua karakana mapema kwa kuwa bosi keshafika. Akawa anaongea naye, anamgombeza, anacheka peke yake. Majirani waliopita walisimama kusikiliza, maana kicheko kile walikuwa hawakijui.

Alhamisi akamalizia kochi refu la daktari wa meno, la chumba cha kusubiria, ambalo mikono yake ilikuwa imechanwa na kucha za wagonjwa. Kazi ya mwisho ya kochi lolote ni kulipindua na kufunika tumbo lake kwa kitambaa cheusi, kisha kukipiga pini pande zote. Fundi alilipindua, akaenda kunywa maji kwanza. Akiwa huko, shemeji yake, mume wa Dada, akapiga honi nje na gari lake la mizigo, ana haraka zake. Fundi akarudi mbio, akavuta kitambaa, akapiga pini taa-taa-taa mpaka mwisho.

Shemeji na mwenzake wakaliinua. Shemeji ni mtu wa maneno machache.

"Zito hili."

"Sponji mpya hiyo, Shemeji," fundi akajibu kwa fahari.

Jioni hiyo alihisi kifua kinaanza kujaa. Hakumwona Meneja, akadhani amekwenda kwa Mwalimu kama alivyozoea, akalala mapema. Alipoamka Ijumaa, siku nzito ilikuwa imeshaingia na kukaa. Mikono haikutaka, miguu haikutaka. Alimeza vidonge vyake kwa sababu vilikuwa karibu na mto, akageukia ukuta.

Akakaa hivyo mpaka jua likapanda. Kisha akagundua kuwa hakuna aliyemkanyaga kifuani kudai chakula. Akageuza shingo. Bakuli la Meneja lilikuwa limejaa, chakula cha jana vilevile. Na Meneja hajawahi kubakiza chakula tangu azaliwe.

"Umemshona," wasiwasi ukamwambia.

Mshauri alimfundisha dawa ya hayo. Wasiwasi ukija na madai yake, uuombe ushahidi, na mara nyingi utafyata mkia. Fundi akavuta pumzi, akauliza: ushahidi uko wapi?

Wasiwasi ukajibu: "Zito hili."

Loo! Akaikamata simu. Dada akapokea kabla haijaita vizuri, sauti juu, kwa kuwa mdogo wake hapigi simu asubuhi.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Dada, nimemshonea Meneja ndani ya kochi la daktari."

Upande wa pili sufuria ikawekwa chini.

"Mdogo wangu," Dada akasema taratibu, "vidonge umemeza?"

"Nimemeza!"

"Vyote?"

"Dada!"

"Haya, haya. Mshauri si alisema uvute pumzi?"

"Mimi navuta! Meneja ndiye hana pa kuvutia!"

"Usitoke hapo. Nakuja."

Angekuwa ni yeye mwenyewe aliyeshonwa, asingetoka, hilo nakuapia. Angelala humo akaona ndiyo makazi yake. Lakini aliweka mguu wa kwanza chini akilia, akaweka wa pili akilia, akavaa koti juu ya gauni la kulalia, akachukua mkasi mkubwa wa kazi, akatoka. Mlango hakuufunga. Hata hakukumbuka kuwa ana mlango.

Sasa kwa daktari wa meno chumba kilikuwa kimejaa. Kwenye kochi jipya walikaa bwana mmoja mwenye shavu lililovimba na mama aliyempakata mtoto. Tangu asubuhi walisikia mtu analia kwa chini chini. Hawakuulizana. Kwa daktari wa meno, sauti ya kulia si habari. Kila mmoja alidhani inatoka chumba cha ndani, akaomba zamu yake ichelewe.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye gauni la kulalia, nywele zimesimama, mkasi mkononi.

"Samahanini," akasema akihema. "Naomba msimame."

Mwenye shavu aliutazama ule mkasi.

"Siku hizi wanang'oa kwa hiyo?" akauliza, na hakungoja jibu. Alipita dirishani, nasikia, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Daktari akatoka na barakoa yake. "Fundi! Kochi lina kasoro?"

"Lina paka, Daktari."

Wakalipindua, yeye na daktari na yule mama. Ilipobaki kukata, ndani kukawa kimya kabisa. Fundi akaona basi, amekwisha, nimeua. Lakini ile mikono iliyotikisa kitasa cha mlango kila jioni haikutetemeka. Ilikata kitambaa kutoka ncha mpaka ncha, mstari umenyooka.

Kikatoka kichwa cha kijivu, kimejaa vipande vya sponji masharubuni. Meneja akatoka mzima, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akawatazama wagonjwa wote mmoja mmoja kwa jicho la bosi aliyekuta wafanyakazi wamekaa bure. Fundi akaketi sakafuni, akamkumbatia, akaangua kilio. Watu walimwonea huruma, wakadhani ni jino.

Dada akaingia na Shemeji nyuma yake. Walikuwa wamepita nyumbani, wakakuta mlango wazi na kitanda kitupu, na Dada alikuwa hana rangi usoni. Akamwona mdogo wake. Akamwona paka. Akaliona kochi limepasuliwa.

"Nilisema zito," akasema Shemeji.

"Mwalimu akija jioni ampeleke ghalani," fundi akasema kati ya kwikwi. "Umeona mwenyewe. Wiki moja tu, nimemshona mzima mzima."

Dada akasogea. Alikuwa analitazama lile gauni, na zile ndala, kila mguu na yake.

"Leo siku yako ni nzito?"

"Nzito."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Dada akaketi sakafuni karibu naye, mkoba na vyote. Alipoanza kusema sauti haikuwa ya makelele.

"Mimi nimekubembeleza uamke mwaka mzima. Nimekupikia, nimekuogesha, nimekulilia mlangoni. Mimi ndugu yako. Hujaamka kwa ajili yangu hata mara moja."

Lilimchoma fundi, kwa sababu lilikuwa kweli. Akatafuta la kusema.

"Dada, wewe sijawahi kukushonea ndani ya kochi."

Dada alijitahidi kubaki amenuna. Alijikaza, midomo ikamponyoka, akacheka mpaka akamwegemea, na fundi akacheka huku machozi bado yanatiririka, hata daktari akashusha barakoa afute macho.

Kisha fundi akajipangusa pua.

"Lakini leo nimeweza, Dada, siku nyingine sitaweza. Ujue hivyo. Siku hiyo utakuja kumlisha?"

"Nitakuja."

Alijibu papo hapo, hata hakufikiri. Halafu akamshika mdogo wake mkono.

"Na wewe je? Siku ukishindwa kujilisha wewe, utanipigia simu, kama ulivyonipigia leo kwa ajili yake?"

Hapo fundi akaitazama mikono yake. Kumwombea paka kulikuwa rahisi. Meneja ananyonyoa sponji masharubuni, yule mama anambadilisha mtoto bega, na fundi bado anaitazama mikono yake.

"Nitapiga," akasema.

"Sijasikia."

"Nitakupigia, Dada."

"Basi mchukue paka wako, inuka," Dada akasema, akijifuta macho kwa ncha ya koti la mdogo wake. "Wagonjwa wa watu wanataka pa kukaa."