Ngamia wa Buna na Simu Yenye Siri

Shule niliiacha darasa la tatu, na mpaka leo sijaona iliponipungukia. Nilianza na mbuzi mmoja anayechechemea. Siku hizi lori la ngamia likiingia soko la mifugo Garissa, watu huuliza kwanza kama ni langu.

Lakini nilikuwa na mshindani: shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, naye ni mnunuzi wa ngamia. Mara mbili nilipatana kwa simu na mfugaji wangu wa Buna, na mara mbili lori langu lilikuta la shemeji limeshapakia. Nikajua tu, hii programu ninayotumia kutuma ujumbe ndiyo inayonichongea. Nikimpoteza mfugaji yule, nimekwisha sokoni.

Nikamwita binti yangu, yuko chuo kikuu, alikuwa amekuja likizo. "Nitafutie nyingine. Inayojua kunyamaza."

"Aabo, usichague kwa kuwa kila mtu anayo," akasema. "Uliza inachukua nini kwako. Hii yako imebeba majina yote yaliyo kwenye simu. Hii nyingine haitaki hata moja. Ujumbe unafungwa kwako, unafunguliwa Buna peke yake. Hata wenye programu hawausikii."

"Kumbe ni shuka!" nikasema.

Maana sokoni kwetu bei haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, vidole vinasema, na waliosimama wanaona nguo ikitikisika tu. Mwalimu angehitaji muhula mzima. Mimi nilielewa kabla chai haijapoa. Tukaiweka, na mfugaji naye akaiweka kwake. Ujumbe ujifute wenyewe. Simu ifunguke kwa kidole changu tu.

Safari iliyofuata, shemeji akanitangulia tena.

Nilimrudia binti nikifoka. Yeye akauliza pole pole, "Ujumbe wa mfugaji unausoma wapi?"

"Nani anasoma? Ananitumia sauti. Nasikiliza hotelini, nikinywa chai."

"Kwa spika?"

"Sasa nisikilize kwa pua?"

"Na abti hukaa wapi?" Abti ni mjomba wake, yaani shemeji.

Meza ya nyuma yangu. Kila asubuhi.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Shuka umefunika vizuri, Aabo. Halafu bei unaipigia adhana!"

Mwingine angeona haya. Mimi niliona biashara. Lori nikalituma Buna kimya kimya, na mfugaji nikamsikiliza kwa waya wa masikioni, nyumbani, mlango umefungwa. Kisha rafiki yangu wa Liboi akanitumia sauti niliyomwagiza. Asubuhi nikakaa hotelini, nikainua simu mbele ya mdomo kama kipande cha tikitimaji, spika juu kabisa: "Ngamia wa maziwa wamefika Liboi, wanono! Wahi kabla wengine hawajasikia!"

Nyuma yangu kiti kikalia. Chai ya shemeji ikabaki nusu.

Wakati anaonyesha kitambulisho kwenye kila kizuizi cha barabara ya Liboi, ngamia wa Buna walikuwa wanapanda lori langu, mmoja mmoja, wakinung'unika.

Alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Akavuta kiti mezani kwangu.

"Warya, wewe bwana, hiyo programu yako ni ipi? Yangu naona inavujisha siri."

"Lete simu, shemeji. Wewe ni damu yetu."

Nikamwekea, nikafunga kila kinachofungika. Kisha nikamfundisha kusikiliza: simu mbele ya mdomo, spika juu kabisa. Na meza yangu ya mbele nikamwachia yeye, mimi nikahamia ya nyuma.