Kilo Nane za Ndege

Nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na kilo zake kabla ya kuwa na bei. Mto ulikuwa umefungwa upande wa Kinshasa, barabara za mashariki zilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, kwa hiyo chumvi, sabuni, misumari na vitenge vilifika Kisangani kwa ndege kutoka Goma, na ndege hulipwa kwa kilo. Papa yangu alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyekuja mjini kabla sijazaliwa. Vita vilipoanza alijifunza kuvua bidhaa nguo. Viatu vilikuja bila maboksi, sabuni bila karatasi, na siku moja nilimwona anakata vishikio vya mifuko kwa mkasi, kimoja kimoja, uso umekaza kama anatoa mwiba. Alikuwa akiweka kitu kiganjani, anafumba jicho moja, anataja gramu. Sisi watoto tulikuwa tunahakikisha kwenye mizani, na ni mara chache sana tulimkuta amekosea.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kompyuta ya kuchezea. Naisema hivyo hivyo, kwa sababu wakati ule niliizungusha sana. Si ya kusomea, si ya kuandikia barua. Kabla ya vita nilikuwa nimecheza mara tatu mchezo wa mbio za magari katika ofisi ya shirika moja ambalo baadaye lilifunga milango na kuondoka. Kisha zikaja siku za mabomu, tukalala kifudifudi kwenye sakafu na magodoro juu yetu, na zilipokwisha nilibaki na hasira isiyo na mwenyewe. Nilichoka na mambo makubwa. Nilitaka kushindwa katika jambo ambalo likiharibika hakuna anayelia.

Mama aliposikia aliweka mwiko chini. "Watu wanakosa chumvi, weye unataka gari ya mu televizyo?"

Alikuwa na haki. Papa alikuwa anahesabu misumari na hakuinua kichwa. "Kintu hiyo iko na kilo ngapi?"

"Sijue, papa."

"Basi ujue kwanza."

Kutoka kwake, hiyo ilikuwa karibu sawa na ndiyo. Nikakimbilia kwa fundi wa redio wa mtaa wetu wa Mangobo, mzee mpole mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio. Alinipa gazeti la Kifaransa la kompyuta, kuukuu, halina jalada. Nililikalia wiki tatu. Nilijua majina ya vipande kabla sijaona hata kimoja: kadi mama ambayo vyote vinachomekwa ndani yake, prosesa inayofikiri, kumbukumbu, diski, kadi ya picha, na alimentation, lile boksi linalogawa umeme. Niliporudi na makadirio yangu, papa aliyasoma hadi mwisho.

"Bon. Kilo munane, mara moya tu. Ikipita pale, chumvi inabaki Goma, na miye sitaki watu waseme mutoto yangu alikula chumvi yao."

Kaka zangu wawili wakubwa walicheka mpaka wakakohoa. Nilijua wazi kilichokuwa mezani. Mashine ikigoma, hakuna kitu changu kingepanda tena ndege ya papa, wala neno langu lisingepewa uzito katika nyumba ile.

Basi nikaanza kuchagua, na nilichagua kama binti wa nyumba yetu. Sanduku la chuma la kuvalisha mashine nililifuta kwanza, maana peke yake lilikula nafasi nzima, na seremala angenitolea droo ya mbao. Skrini nzito kuliko mtoto wa miaka miwili niliipata hapa hapa mjini, ilikuwa imebaki kwa jirani aliyelinda ile ofisi iliyofungwa. Kadi ya sauti niliifuta pia. Milio tulikuwa nayo ya kutosha. Kadi ya picha niliikumbatia, kwa sababu bila hiyo gari lingekuwa madoadoa yanayorukaruka, na kwa ajili yake nikakubali diski ndogo na kumbukumbu nusu ya ile niliyoitamani.

Tonton yangu wa Goma, mdogo wake papa, ndiye aliyekwenda kwa muuzaji wa kompyuta zilizotumika. Tuliongea naye kwa phonie, ile redio ya wafanyabiashara ambayo kila mwenye redio kama yake anakusikia, na ukimaliza unasema À toi kumwachia mwenzako zamu. Kwa hiyo nusu ya wafanyabiashara wa Kisangani walinisikia nikiagiza mchezo huku wao wakiagiza maharagwe. Papa alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anaandika. Tonton alikuwa na mizani mbele yake, anapima kipande kimoja kimoja na kunisomea.

"Alimentation ziko mbili. Moya iko nyepesi sana, ingine nzito. À toi."

Papa alikuwa ametufundisha kwamba kufuli jepesi ni la kudanganyia wezi, na kitenge chepesi hakimalizi mwaka. Nikasema nzito. Tonton akajumlisha. Tulikuwa tumezidi kwa gramu mia tatu.

Nikatazama mlango. Ningeweza kusimama, kupiga hatua saba, na kusema: papa, imezidi kidogo. Sikuinuka. Nilimwona akilini anainua uso na kutaja kilo za chumvi.

"Iko kipande ya chuma hapa," tonton akaendelea, "imefungwa juu ya prosesa, na feni juu yake. Iko na meno sawa kisanuo. Haina fil ya umeme, haina nini. Yenyewe iko gramu mia tatu na kidogo. À toi."

Katika gazeti langu hakukuwa na kisanuo. Prosesa za waandishi wake zilinunuliwa mpya ndani ya boksi, na kilichomo ndani ya boksi hawakukihesabu. Nikafikiri ni kishikio cha feni tu, jinsi bidhaa za wazungu zinavyopenda vifungashio. Roho yangu ikatulia kabisa.

"Ondoa chuma, tonton. Leta feni tu."

Papa alikwenda Goma, na vipande vilitangulia kufika Bangboka, uwanja wetu wa ndege, katikati ya mafurushi ya chumvi, vimeviringishwa ndani ya mashati ya papa. Niliviunganisha ndani ya droo, fundi wa redio akiwa pembeni na bisibisi yake, wadogo zangu wakiwa wamepanda kitanda wasikose kitu. Ile feni nilikuwa nimeifunga kwa kamba juu ya prosesa, ipulize. Tukawasha. Herufi nyeupe zikapanda kwenye skrini, wadogo wakapiga makofi, na kabla hawajamaliza skrini ikawa nyeusi. Nikaweka kidole kwenye prosesa na kukirudisha mbio mdomoni. Alama ya ule moto ilikaa mwezi.

Fundi hakuchelewa. Alitoka, akarudi na amplifaya ya kanisa iliyofunguliwa mgongo, akanionyesha: nyuma yake bamba la alumini lenye meno, sawa na kisanuo. "Hii ndiyo inabeba joto," akasema. "Bila hii, fundi yote analia."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kulia kweli. Sikulilia mchezo. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimekata kiungo chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa mkono wangu, kwa kutaka papa aone nimetii. Papa alikuwa bado Goma akipakia mzigo mwingine. Nikawafunga wadogo midomo kwa maandazi, nikajipa siku sita kabla hajarudi.

Mangobo kuna watu wanaoyeyusha alumini na kumimina masufuria. Nilimchorea mmoja wao kisanuo changu na kumletea umbo la mbao alilochonga seremala. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Alikuwa anamiminia sufuria za familia kumi na mbili, na mimi naleta kitu kisichopika hata yai. Lakini aliligandamiza umbo langu kwenye mchanga, akamimina. Meno mawili yalivunjika, akarudia. Kilipopoa kilikuwa kinene, cheusi cheusi, kibaya kupita maelezo. Chini hakikuwa bapa, kwa hiyo nilikisugua kwa msasa juu ya kioo siku mbili, mpaka mabega yakawaka. Fundi akanipa tone la mafuta yake meupe ya amplifaya, nikakibana kwa spoki za baiskeli nilizopewa na jirani anayeendesha toleka, teksi ya baiskeli.

Prosesa haikuwa imeungua: mashine ikawaka, ikabaki imewaka. Siku papa aliporudi umeme ulikuwepo mchana kutwa, na alitukuta wote chumbani, gari jekundu likigonga ukuta kwenye skrini na wadogo zangu wakitoa mlio wa injini kwa midomo. Mjini mwetu wakati ule petroli ilikuwa hadithi. Alisimama mlangoni na vumbi la safari. Kisha akainama juu ya droo, akagusa kile kidude.

"Hii haikutoka Goma."

Nikamweleza yote, kuanzia phonie hadi mchanga wa masufuria. Nilijiandaa kutajiwa chumvi. Yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuizoea. Alikuwa ameumia.

"Miye nilikuwa pale, mu chumba ya pili," akasema. "Ulishindwa kuniomba gramu mia tatu?"

"Ulisema kilo nane, papa."

"Niko papa yako, ao niko douanier?"

Hakungoja nimwambie kwamba hakuwa mtu wa forodha. Alitoka akaenda kuoga. Jioni ile mchezo haukuwa na ladha.

Safari iliyofuata alishuka kwenye ndege na mfuko wa koti umevimba. Mle ndani kilikuwa kile kisanuo cha Goma, kidogo, kinang'aa, safi. "Haikupimwa," akasema. "Ilikuwa mu mufuko." Nikamwambia ukweli, kwamba cha masufuria kinafanya kazi vizuri na sikuwa na haja ya kukibadilisha. Akacheka, akakiweka dirishani. Kiko kwangu hadi leo, papa hayupo tena, na mashine ilishakufa zamani.

Siku ile ile, kabla sijapoteza ujasiri, nikamwomba. Nilimwambia nataka kwenda naye Goma, nichague vipande kwa macho yangu, maana fundi wa redio naye alitaka mashine na tonton hajui kisanuo ni nini. Mama akaita jina la Yesu. Papa alinitazama kutoka juu hadi chini, jicho moja limefumba, na nilijua anahesabu, kwa sababu mtu mzima ni gunia zima la chumvi na zaidi.

"Bon," akasema.

Bangboka walikuwa wanapima abiria kwenye mizani ile ile ya mizigo. Nilipanda na mfuko wangu, sindano ya mizani ikaanza kupanda. Papa, ambaye hakuwahi kuacha mizani isomwe bila yeye, aligeuza uso upande wa ndege na kubaki hivyo mpaka niliposhuka.