Mjomba Salimu Kwenye Theluji

Usiku ule nililala sakafuni, juu ya zulia, kwa sababu mgongo ulikuwa umekikataa kitanda. Mke wangu, Rehema, nilimdanganya kwamba godoro limekuwa laini mno. Ilikuwa siku ya nne mfululizo theluji inaanguka. Kila asubuhi nilifukua njia kutoka mlangoni hadi barabarani ili gari la hospitali limfikie. Rehema husafishwa figo mara tatu kwa wiki, na gari lile halimsubiri mtu. Nikimaliza tu, nyingine inamwagika, utadhani sijafanya kitu. Nilikuwa nimeichoka nchi hii ya baridi, nimelichoka chepe, nimejichoka mwenyewe.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Nilijikuta nje, nafukua tena, nimevaa fulana tu na wala sihisi baridi. Mtu akaguna nyuma yangu. Nikageuka.

Alikuwa Mjomba Salimu, aliyenilea. Alifariki miaka sita iliyopita, nami mazishini sikwenda. Amevaa kaptula yake ya kazini, yuko peku, chumvi imemganda mpaka magotini. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya Tanga, akiichota kwa chepe na kuipandisha kwenye malundo. Miaka ya mwisho alitembea amepinda, anatazama vidole vya miguu yake. Sasa amesimama wima.

Nilingoja anilaumu kuhusu mazishi. Nilikuwa na maneno tayari. Yeye anatazama mikono yangu.

"Nani alikufundisha kushika chepe hivyo?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikainama, nikachota, nikazungusha kiuno, nikarusha theluji juu ya bega. Akaguna tena, kama anayemwona mtu akimwaga maji ya kunywa, akaninyang'anya chepe. Mkono mmoja anaushusha karibu na bapa lenyewe. Anakunja magoti, anachota nusu tu. Kiuno hakizungushi; anageuza miguu, na mwili mzima unaifuata. Panaposukumika, anasukuma, hainui kabisa. Tunakwenda hivyo, yeye mbele mimi nyuma, na sasa tuko kwenye majaruba ya chumvi, vile vibwawa vya kukaushia maji ya bahari, jua linachoma, na njia ya nyumbani kwangu bado iko mbele yetu, nyeupe, haipungui.

"Kumbe haya yote unayajua," nilimwambia, kwa hasira zaidi kuliko nilivyokusudia. "Mbona ulipinda?"

Anaacha kuchota.

"Siku mgongo ulipoanza kuuma, nilinyamaza. Nikasema kesho utapoa. Nikabeba zaidi, ili mke wangu asishtuke. Alijua siku niliposhindwa kuinuka mkekani."

Ananirudishia chepe. Mpini una joto la viganja vyake.

"Na hayo ya mazishi usinichoshe nayo. Mwambie mkeo mgongo unauma."

Nataka kumjibu kwamba Rehema ana mzigo wake wa kutosha, kwamba si rahisi hivyo, kwamba wafu mnaona kila kitu chepesi. Lakini ameshanipa kisogo, anatembea katikati ya majaruba bila haraka, na theluji inaanguka juu ya chumvi mpaka siwezi tena kujua ipi ni ipi.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumepambazuka. Rehema alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kanga juu ya sweta.

"Umelalaje?"

Neno "salama" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Mgongo unaniuma tangu Jumatatu. Leo siwezi kuinuka."

Hakushtuka. Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyengojeshwa foleni.

"Siku nne nakusubiri useme," alisema. "Jirani amegonga mara mbili kuuliza kama unahitaji msaada. Nikamwambia mume wangu mzima, maana ndivyo unavyoniambia."

Akachukua simu, akampigia. Haukupita muda nikasikia chepe la mtu mwingine likikwangua njia yetu. Rehema akaketi sakafuni kando yangu, bado amenuna, akaweka kiganja chake pale hasa panapouma, bila kuuliza ni wapi.