Paa Tulilolibomoa Kinyangiri

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa sanduku la bati, nikaambiwa likianguka na kazi yangu imeanguka. Ndani mlikuwa na kamera ya sinema ya serikali. Aliyeniambia hivyo ni Bwana Mpiga Picha, Mwingereza aliyeletwa Singida kutengeneza sinema za kutufundisha usafi na malezi ya watoto. Mimi nilikuwa nimetoka Mgori, nimemaliza shule ya kati, najua kusoma, kuandika na kubeba. Alichokihitaji hasa ni hicho cha mwisho.

Ninyi mnaopiga picha kwa simu huniuliza tulifanyaje kazi bila umeme. Nitawaeleza, ila msitegemee nieleze huku nacheka.

Kamera ile ilikuwa ya springi. Unakaza ufunguo ubavuni kama saa ya mezani, inazunguka kidogo tu, halafu inasimama. Filamu yake ilikuwa nzito kushika mwanga. Nje penye jua iliweza, ndani ya nyumba ilitoa giza tupu. Tulikuwa pia na kipima mwanga, kidude cha kushika mkononi chenye mshale wa kukuonyesha tundu la lenzi ulifungue kiasi gani. Bwana alikielekeza kwenye ukuta unaong'aa jua, akabana tundu, akapiga picha. Filamu ziliporudi kutoka ng'ambo zilikopelekwa kusafishwa, nyuso za watu wetu zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, hazina macho wala pua.

“Watu wenu hawapigiki picha,” alisema.

“Bwana, labda kipimo kisogezwe usoni kwa mtu, badala ya ukutani.”

Alinitazama kama vile sanduku ndilo limesema. Lakini safari iliyofuata nilimwona akikisogeza usoni.

Lilibaki tatizo la ndani ya nyumba. Nilipasua madebe ya mafuta ya taa, nikayanyoosha kwa nyundo, nikayasugua kwa majivu mpaka yakameta. Debe moja unaliweka mlangoni linase jua na kulitupa ndani. La pili linalipokea na kulipeleka kwa mtu unayempiga picha, nawe unaning'iniza shuka nyeupe katikati ili mwanga upoe, asikunje macho. Tulijaribu Mwankoko kwa mama mmoja aliyekuwa akisaga ulezi, na picha ikatoka safi, hata unga unaodondoka kwenye jiwe unauona. Ikaja barua kutoka makao makuu kumpongeza Bwana kwa ubunifu wake. Alinisomea yote kwa sauti, kisha akaniagiza nikasugue madebe.

Hilo ningeweza kulisamehe. La Kinyangiri silisamehe.

Tulikwenda kwa Mama Naomi, mjane aliyeishi na wajukuu wawili, kumpiga picha akimlisha mtoto uji ndani. Nyumba yake ilikuwa tembe, yenye paa bapa la magogo, fito na udongo, alilojenga marehemu mumewe. Mlango ulitazama magharibi kama nyumba nyingi za kule. Tulifika saa nne asubuhi.

“Bwana,” nilisema, “saa tisa jua litaingia mlangoni lenyewe. Madebe ninayo. Tungoje.”

“Saa tisa nataka niwe njiani kurudi Singida. Paa ni udongo tu. Toboa.”

“Mvua ziko karibu, Bwana.”

“Jumbe wa kijiji atalirudishia. Toboa!”

Tulikuwa tukizungumza Kiingereza. Mama Naomi akaniuliza, “Anasemaje?”

“Anasema tutoboe paa kidogo, mama, mwanga uingie. Litarudishiwa.”

“Na nani?”

“Na serikali, mama.”

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nikapanda juu na sululu. Lile “kidogo” likawa nusu ya paa, maana Bwana kila mara alitaka jua zaidi. Picha yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Tukafunga vyombo, tukaondoka, na jumbe hakuambiwa neno.

Filamu iliporudi, ilikuja na karatasi. Sinema ile haikuwa na sauti, kwa hiyo mimi nilipewa kazi ya kusoma maelezo kwa Kiswahili huku picha zikipita. Ilipofika nyumba ya Mama Naomi, karatasi ilisema: “Tazama nyumba hii isiyo na paa. Mama mvivu huwaacha watoto wake juani na mvuani.”

Niliyasoma maneno hayo Singida mjini. Niliyasoma Mgori, baba yangu akiwa ameketi hapo akijivunia mwanawe. Niliogopa kupoteza kazi. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Kinyangiri tulionyesha mchana, katika darasa lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Mama Naomi alikaa mbele na gauni lake la kanisani, kwa kuwa alikuwa ameambiwa atajiona. Alijiona. Nikasoma, nikamaliza sentensi ile mpaka mwisho.

Akasimama. “Mwanangu, si wewe uliyepanda juu na sululu?”

“Ndimi, mama.”

“Mvua imeingia ndani. Mtama wangu umeotea ghalani. Ukuta wa nyuma umelala. Waambie hawa watu nani mvivu.”

Nikawaambia yote, tangu saa nne hadi tulivyoondoka. Darasa likaanza kunguruma. Bwana, aliyekuwa kwenye mashine ya kuonyeshea sinema, alielewa Kiswahili cha kutosha. “Soma karatasi!” alipiga kelele.

“Karatasi inasema uongo, Bwana.”

Kesho yake niliondolewa kwenye kamera, nikapelekwa bomani kuosha malori. Karatasi akapewa msomaji mwingine, na sinema ikaendelea kuzunguka vijijini na uongo wake. Bwana alipandishwa cheo. Nilipopata likizo nilichukua shoka nikaenda Kinyangiri, tukakata magogo na mashemeji zake Mama Naomi, tukaezeka upya. Hakunishukuru. Alinipa ugali na mlenda, akaniambia ukuta wa nyuma bado umepinda, nikarudi kuunyoosha.

Miaka miwili baadaye Mpiga Picha mwingine alinirudisha kwenye kamera, kwa sababu hakuna aliyeweza kuingiza mwanga ndani ya nyumba. Nilifanya kazi hiyo mpaka Waingereza wakaondoka, na miaka mingi baadaye, katika ofisi ya sinema ya serikali yetu wenyewe, nikafika kuwa mkuu wa taa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, vijana wa ofisini walitaka kuniheshimu kwa kuonyesha filamu ya zamani waliyoikuta stoo. Ilikuwa ile ile, bila msomaji. Mama Naomi akatokea ukutani, kijiko mkononi, mjukuu mapajani.

“Mzee wetu,” alisema kijana aliyeendesha mashine, “tazama mwanga ulivyomwangukia huyu mama! Mliupataje?”

Nikamwambia azime. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikamtaja Mama Naomi kwa jina, nikamtaja aliyeshika sululu. Hakuna aliyegusa soda tena. Nilisikia mmoja akinong'ona nyuma kwamba mzee ameharibu sherehe.

Ni kweli niliiharibu. Hata leo wangeniitia nyingine, ningeiharibu.