Boksi la Mwingereza, Kioo cha Mrusi

Miaka sita ya mwanzo ya ndoa yangu, mie na baba mkwe tulikuwa na mazungumzo ya maneno mawili. Mie nasema shikamoo, yeye anasema marahaba. Hakunichukia, alikuwa mtu wa adabu mno kunichukia. Lakini mwanawe wa kwanza, mtoto wa familia ya Kiarabu yenye duka Buguruni tangu enzi za babu yao, alikuwa amekwenda kuoa Mkristo kutoka Njombe, tena ndoa ya bomani, na mzee wa watu hakujua aniweke wapi. Basi akaniweka kwenye marahaba.

Duka lake lilikuwa la spea za redio. Wateja walimwita Ami, kama wenye maduka wengi wa Kiarabu wanavyoitwa, na kitu alichosifika nacho kuliko vyote ni valvu: zile taa ndogo za kioo zilizokuwa zinawaka rangi ya chungwa ndani ya redio za mbao na amplifaya za zamani. Transista zilipoingia watu wakaacha kuzinunua, yeye hakuacha kuzitunza. Miguu ilipomshinda akafunga duka, na maboksi yote yakahamia nyumbani Temeke, yakapangwa sebuleni nyuma ya kochi mpaka usawa wa dirisha.

"Mie sina sebule," mama mkwe alikuwa akimwambia kila mgeni. "Mie nina godauni."

Ni yeye aliyeniingiza kwenye jambo hili. Alisikia kwamba huko nje bado wako wanamuziki wanaozitafuta valvu za zamani, na mume wangu wakati huo alikuwa anafanya kazi Mtwara, anarudi mara moja kwa mwezi. "Mpigie picha Baba yako hivyo vioo vyake, uviweke huko mtandaoni," akaniambia. "Wewe una subira. Mumeo akiona boksi la pili keshasinzia."

Jumamosi nikaenda. Baba mkwe alikaa kwenye kochi na kofia yake kichwani, akawa ananikabidhi boksi mojamoja kwa mikono miwili, kama mtu anayegawa vifaranga. Maboksi yote yalifanana: bluu na nyeupe, jina la kampuni moja ya Uingereza, na chini yake maandishi kwamba valvu imetengenezwa huko huko Uingereza. Nikapiga picha, nikazituma kwenye kundi la wapenzi wa vyombo vya muziki vya zamani. Kabla ya adhuhuri mtu mmoja akajibu, kwa heshima kabisa. Aliuliza ni nani hasa aliyezitengeneza. Alisema jina la boksi halitoshi, maana zamani kampuni nyingi zilikuwa zinanunua valvu kwenye viwanda vya watu wengine halafu zinagonga jina lao tu juu ya kioo. Akaomba picha za kichwa cha kioo, za vyuma vya ndani, na za maandishi yoyote yaliyo karibu na miguu.

Nikamtafsiria baba mkwe. Uso wake ukabadilika.

"Hajui kusoma?" akauliza. "Si imeandikwa?"

"Anasema jina anaweza kuligonga yeyote, Baba."

"Mie hizi nimeuza zaidi ya miaka thelathini. Nimewaambia watu kwa mdomo wangu huu, hii ni Mwingereza." Akalifunga boksi lililokuwa mapajani mwake. "Mwambie kama hataki aache."

Sikumwambia yule mtu aache. Mie ni fundi sanifu wa maabara hospitalini. Kazi yangu kutwa nzima ni kutazama vitu vidogo, na kutoamini kilichoandikwa kwenye kichupa mpaka nione mwenyewe kilichomo. Nilikuwa na lenzi ya mkono kwenye pochi. Nikaomba valvu mbili, nikasogea dirishani.

Zilikuwa zimevaa sare moja lakini hazikuwa mapacha. Moja ilikuwa na vyuma vya kijivu vilivyo laini, nyingine vyuma vyake vimetobolewa matundu mawili kila upande. Juu kabisa, pale penye ile rangi ya fedha iliyopakwa kwenye kioo kwa ndani, moja ilikuwa na kipete cha waya, mviringo kama pete ya ndoa. Mwenzake ana kitu kama kisahani. Hata ncha ya kioo ilikuwa tofauti, moja kali, moja butu.

"Baba, hebu njoo uone."

Akainuka taratibu, akashika lenzi, akatazama muda mrefu hata nikadhani haoni. Akaomba miwani yake. Akatazama tena.

"Mie sijawahi kuzitazama hivi," akasema. "Mie nilikuwa natazama boksi."

Kwenye ile yenye matundu, chini ya jina la Mwingereza, kulikuwa na kivuli cha maandishi mengine yaliyofutika. Mtu mmoja kule kundini alikuwa ameandika kwamba kioo kikigandishwa halafu kikatolewa, maandishi yaliyofutika hujitokeza kwenye ukungu. Tukaiweka kwenye friza, kati ya changu na barafu za ukwaju. Mama mkwe akaja juu: "Vioo katikati ya samaki wangu! Kikipasuka humo atakula nani?" Baada ya robo saa tukaitoa. Ukungu ukatanda, herufi zikaonekana, na kabla sijafungua kamera ya simu zikayeyuka.

Nikataka kuirudisha kwenye friza, ila baba mkwe hakuwa na subira tena. Alikumbuka kwamba mafundi wake wa zamani walikuwa wanasugua kioo nywelini, kwenye mafuta, wakitaka kusoma namba iliyofutika. Yeye kichwani hana nywele. Akaichukua valvu, akaanza kuisugua kwenye ndevu zake nyeupe, huku na huku, kwa bidii, kama mtu anayepiga mswaki. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. Lakini herufi zilitoka, na safari hii zikabaki. Kulikuwa na herufi kama N iliyogeuzwa, muhuri mdogo wa umbo la almasi, na tarakimu za Kirumi. Nikapiga picha.

Jumatatu niliipeleka kwa daktari mmoja pale kazini, mtu mzima anayekaribia kustaafu, aliyesomea udaktari Urusi ujanani. Alitupia jicho simu yangu, akatabasamu kama aliyeonyeshwa picha ya mchumba wa zamani.

"Hiki Kirusi, mdogo wangu. Huu muhuri ni wa mkaguzi wa kiwandani. Redio yangu ya bwenini ilikuwa nao, na pasi yangu pia. Na hii saba ya Kirumi ni mwezi. Umeitoa wapi?"

Yule muulizaji wa kwanza wa kundini naye, nilipomtumia picha, aliniletea picha ya valvu nyingine iliyobeba jina la kiwanda chenyewe cha Urusi. Matundu mawili, kisahani, ncha butu. Vyote vililingana.

Nilikaa na habari hiyo wiki nzima. Jumamosi nikamwambia baba mkwe, na nikamwonyesha picha. Hakubisha. Aliuliza tu, "Ziko ngapi?"

Basi tukafungua maboksi yote. Mwanzoni alitumia lenzi. Kufika adhuhuri hakuihitaji. Anainua valvu kwenye mwanga wa dirisha, anapapasa ncha kwa kidole, anasema: Mrusi. Mrusi. Mwingereza. Mrusi. Kwa kweli alikuwa amenipita. Lakini fungu la Mrusi likazidi kupanda, na la Mwingereza likabaki pale pale, mpaka akaacha mkono hewani.

"Mie nimewadanganya watu."

"Hukujua, Baba. Hata wewe ulidanganywa."

"Aliyenidanganya mie simjui, labda keshakufa. Niliowadanganya mie nawajua."

Akamtaja mmoja: mwalimu wa kwaya, Mhaya anayekaa Sinza, aliyekuwa akinunua kwake valvu za amplifaya ya kanisa. "Huyo nilimwapia," akasema. "Kesho una nafasi?"

"Kesho Jumapili, Baba. Nina ibada."

"Basi baada ya ibada yako. Na yeye atakuwa ametoka."

Tukaenda kwa teksi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imepakana na baa, na muziki ulikuwa umeshawashwa ingawa jua bado kali. Mzee mrefu, bado na shati lake la kanisani, alitoka mlangoni akapaza sauti, "Ami! Nilijua umeshazikwa!" Wakakumbatiana. Akatukaribisha viti, lakini baba mkwe akakataa kukaa. Akasema yote akiwa amesimama, mkono umeegemea fimbo: boksi, friza, ndevu, daktari. Akamalizia, "Nilikwambia Mwingereza. Alikuwa Mrusi. Nimekuja kukuomba radhi."

Mwalimu akamtazama. "Hilo mbona nalijua."

"Unalijua tangu lini?"

"Tangu boksi la pili. Mie mikono yangu ina jasho. Nilivyoishika, jina la Mwingereza likabaki kidoleni. Fundi wangu akaniambia hizi ni za Mrusi."

"Na ukanyamaza?"

"Ami, ulikuwa unaisifia ile valvu kwa raha, nani angekukatiza? Halafu zilikuwa nzima. Kwaya imeimba miaka yote ile, hakuna aliyeiomba valvu pasipoti."

Mie nilicheka. Baba mkwe hakucheka. Nadhani ilimuuma zaidi kuliko kama mwalimu angekasirika. "Mwalimu," akasema, "mie nilikuapia kwa Mungu."

"Uliapa, ndiyo," mwalimu akajibu, na sauti yake ikashuka. "Na mie nikakusamehe siku ileile. Sasa kaa, Ami. Miguu hiyo."

Akakaa. Ikaletwa chai, na sahani ya senene wa kukaanga waliotoka Bukoba. Mwalimu akamsogezea huku akimtazama kwa jicho la utani. Baba mkwe akamchagua mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akamkagua kichwa na miguu kama alivyokuwa anakagua valvu. "Nzige halali," akasema, akatia mdomoni. Alikula nusu sahani.

Wakati wa kurudi tukavuka Magomeni. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Mwanangu, na nyie huko maabara, mkikosea jibu la mtu, mnafanyaje?"

"Tunamtafuta, Baba. Tunamwambia."

"Hata ikipita muda?"

"Hata ikipita muda."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuniuliza mengine: darubini inaonyesha nini, damu inakaa muda gani, nilisoma wapi, wazazi wangu Njombe wanalima nini. Tulifika Temeke bado naongea.

Valvu ziliuzika, si zote. Kwenye kila boksi alisisitiza iingizwe karatasi kwa mwandiko wake, inayosema jina ni la Mwingereza, kioo ni cha Mrusi, na kitu chenyewe kizima. Na Jumamosi tukawa tunatoka pamoja kuwatafuta wateja wake wa zamani. Wengi walikuwa wameshafariki. Aliwaeleza watoto wao hivyohivyo, nao walimsikiliza kwa adabu bila kujua valvu ni kitu gani.

Kinondoni tulimkuta bibi mmoja, mjane wa mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, wala hakukatiza.

"Ami," akasema, "yule mume wangu alinidanganya mambo makubwa kuliko hayo." Akaenda kutuletea juisi.

Tulicheka wote watatu. Kisha baba mkwe akaiweka glasi chini, akarekebisha kofia yake, akamwomba radhi tena tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa amejiandaa.