Feni Kubwa ya Nchagwa

Nchagwa wa Kisaka hakuwa na ng'ombe wa kutajwa wala shamba la maana. Alikuwa na usukani tu, nao haukuwa wake. Lori lilikuwa la marehemu Stanslaus, ambaye walitahiriwa naye msimu mmoja, na baada ya matanga mjane, Ester, alimwambia aendelee kuliendesha. "Lakini shemeji," akasema, "siku likinishinda, naliuza." Neno hilo Nchagwa alilala nalo na kuamka nalo, maana umri wa kuajiriwa na mtu mwingine ulikuwa umeshampita.

Na lori likaanza kumshinda. Likipanda mlima wa Nyanungu na magunia ya mahindi lilihema kama mtu wa pumu, mpaka watembea kwa miguu wakawa wanalipita na kumwuliza dereva kama ana salamu za kutuma huko juu. Wenzake wakamwambia tatizo ni tabo, kile kidude chenye mlio wa filimbi kinachoisukumia injini hewa. Feni yake ilikuwa imelika ncha.

Akaenda Sirari kwa fundi Machage. Machage alimwamkia shikamoo, akamwekea feni mbili mezani: moja saizi ile ile ya zamani, nyingine kubwa, inang'aa, imetoka ng'ambo ya mpaka. Akamweleza taratibu kwamba ndani ya tabo kuna feni mbili kwenye chuma kimoja, moja inazungushwa na moshi, ya pili inavuta hewa. Ukikuza ya hewa ukaiacha ya moshi vile vile, umefunga maksai mkubwa na ndama nira moja. Tambarare, injini ikichanganya, utapaa. Mlimani, injini ikizunguka polepole, moshi hautakuwa na nguvu ya kuisukuma.

"Sasa mzee, njia yako ni mlima au tambarare?"

Jibu alilijua. Lakini pembeni walikuwa wamekaa madereva wawili vijana, na mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba wazee wapewe ndogo, kubwa itawapasua moyo. Na Mkurya gani ataonyeshwa dume na ndama, tena mbele ya watu, akamshika ndama?

"Funga kubwa," akasema.

Basi kwa muda alitamba. Kwenye tambarare za Issenye lori lilikata upepo, bodaboda wakampisha. Sifa zikamfikia Ester, naye akataka kujionea. Siku ya mzigo wa Nyanungu akapanda mbele, kitenge kipya kiunoni.

Mlima ulipoanza, Nchagwa alirudi gia ya pili, akarudi ya kwanza, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Ile filimbi aliyoisubiri haikuja. Ulikuja moshi mweusi, mzito, ukafunika barabara yote. Lori likasimama, likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki na kubaki hapo, mguu umekakamaa, asiweze kupanda wala kushuka. Ester ndiye aliyeruka chini akatafuta mawe, akayasukumia chini ya matairi.

Waitara, mwenye shamba la jirani, alileta maksai wake, na jirani zake wakaleta wao. Wakafunga minyororo. "Wewe shika usukani," Waitara akamwambia Nchagwa. "Kingine usiguse." Hakugusa. Alivutwa kama jembe mpaka juu, watu wakiwaimbia ng'ombe.

Huko juu alianza kueleza kwamba ile feni ndogo inaweza kurudishwa, kazi ya siku moja tu.

"Shemeji," Ester akamkatiza, "fundi alikuambia?"

Nchagwa akatazama matope miguuni pa Ester.

"Nakuuliza. Alikuambia?"

"Aliniambia."

Ester hakufoka. Afadhali angefoka.

Lori lilinunuliwa na Vicent wa Issenye, mtu mwenye mwanawe dereva. Nchagwa mwenyewe ndiye aliyemkabidhi kijana ufunguo, akamwonyesha na mlango unaokwama. Halafu akahamia huko huko Issenye kwa bintiye Nice, aliyeolewa pale, maana Kisaka hakuwa na cha kufanya.

Juzi alikuwa anatoka mnadani, akapanda lori hilo, juu ya mizigo, kama abiria wengine. Njia ni tambarare tupu. Lilikwenda kama mshale. Jirani yake akamgusa bega, akamwambia, "Mzee, sikia pumzi hiyo. Aliyelifungia tabo lori hili alijua kazi."

Nchagwa akashika kamba vizuri, akaitikia, "Linakwenda."