Aliyeachwa Pembeni

Hiam Skaff alikuwa amefundisha fizikia mjini Zahle, Lebanon, kwa miaka ishirini na minne, na katika kumi na mmoja ya mwisho hakukosa hata mechi moja ya nyumbani ya timu ya mji ya mpira wa kikapu. Alikaa safu ya tano, mbegu za maboga mapajani, akiandika nani anamkaba nani na nani kapitwa. Majirani wa jukwaani walimchokoza: "Madamu, unasahihisha mitihani?"

"Ndiyo, na wewe umefeli tangu robo ya kwanza."

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Kocha Wissam. Msimu huo alimpa kiti mwisho wa benchi, karibu na daktari, na mikahawa yote ya mtoni ikapata la kusema.

Jumamosi hiyo ilikuwa mechi ya tano ya nusu fainali, wao na timu ya Beirut wakiwa wameshinda mbili kwa mbili. Mshindi anakwenda fainali, mahali ambapo watu wa Zahle walikuwa hawajawahi kufika.

Asubuhi walikaa ofisini kwa Wissam kupanga ukabaji. Beirut walikuwa na Boone, Mmarekani wa pointi ishirini na nane kila mechi. Hiam alitaka Marwan, mlinzi wao mwenye mikono mirefu, amgande Boone hata akienda kunywa maji, na mlinzi wa pili asogee kila Boone akiingia ndani. Ila wawili wakimzunguka mmoja, lazima kuna mtu wa Beirut atakayebaki peke yake. Swali lilikuwa nani.

"Rabih Tohme, kule pembeni," Hiam akasema.

Toufic, msaidizi wa kocha, akageuza kompyuta yake. "Madamu, mechi kumi za mwisho amefunga karibu nusu ya mitupo ya pembeni. Mimi ningemwacha yule mrefu wao."

"Habibi, Rabih nilimfundisha miaka mitatu. Nimemwona akicheza timu ya shule. Mpira ukimfikia anautazama kama swali gumu."

Wissam akacheka, na shauri likaishia hapo. Miaka yote Hiam aliwakataza wanafunzi kuandika jibu kabla ya kupima. Siku hiyo hakupima.

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa unatetemeka kwa ngoma. Na mpango ukakubali. Boone akienda kulia, Marwan yupo; akigeuka kushoto, Marwan yupo na mwenzake. Akaanza kugombana na refa, kisha na wenzake. Robo ya tatu ilipoisha Zahle waliongoza kwa pointi tisa, na Hiam alikuwa amesimama bila kujua, skafu imeanguka miguuni pake.

Ndipo Boone alipoacha kulazimisha, akautupa mpira pembeni. Rabih akadaka, akaruka. Pointi tatu.

"Bahati," Hiam akasema.

Dakika mbili baadaye, pale pale, tatu nyingine. Kisha ya tatu. Toufic akainama nyuma ya viti. "Madamu, tumpelekee mtu."

"Atachoka."

Zikabaki sekunde kumi na moja, Zahle mbele kwa pointi mbili, mpira wa Beirut. Wissam aliomba mapumziko, akamwangalia Hiam, si Toufic. "Yule wa pembeni?"

Hiam alimwona tena mvulana wa dawati la nyuma mwenye magoti membamba. "Mwache. Mkono utatetemeka."

Boone aliingia, wawili wakamfunika, mpira ukaenda pembeni. Mkono haukutetemeka. Themanini na moja kwa themanini. Ngoma za Zahle zikanyamaza zote kwa pamoja.

Rabih alivuka uwanja huku wenzake wakimvuta jezi. "Mwalimu, ni wewe uliyesema niachwe?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Hakuna mwingine hapa anayenikumbuka nikiwa mbovu kiasi hicho." Akambusu mashavuni, akaenda zake.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Wissam alikuwa amemgeukia Toufic. "Wewe ndiye mtu wa namba. Ulikuwa wapi?"

Toufic alitazama viatu vyake. Hiam akaona kwamba angeweza kunyamaza naye, na lingepita.

"Alikuwepo," akasema. "Alisema mara mbili. Mimi ndiye niliyekataa, kocha. Nilimkaba mtoto niliyemjua, sikumtazama mwanamume aliye uwanjani. Kiti chako ukitaka, kichukue."

Wissam alijifuta uso kwa taulo. "Jumatatu tunaitazama mechi upya. Toufic anaongea kwanza. Wewe unangoja."

"Nitangoja."

"Boone amefunga kumi na tatu tu," Toufic akasema polepole. "Hapo, Madamu, tulipatia."

"Uliuona mguu wa Marwan?" Macho ya Hiam yalikuwa na machozi, lakini mikono ilishaanza kuchora hewani. "Wa kushoto. Alikuwa anauweka kabla Boone hajaamua."

"Jumatatu," Wissam akasema.